Sahani kubwa, bei ndogo: hesabu ya restora moja ya kijiji kule Ureno



Wengi wenu munajua kama kisha kumaliza lisansi, sisi watatu tulifungua restora karibu na anivesite hapa Bukavu. Munajua pia kama ilifunga mlango kisha miezi saba. Wengine walicheka, wengine walitupa pole, na mpaka leo kuna wenye wananiuliza: «Ilikuwa nini kweli?» Mimi nilikuwa najibu tu: kodi ya nyumba, umeme, bei ya vitu soko. Majibu ya mtu anayetaka kuachwa kimya.

Jibu la kweli nililipata mbali sana, mu kijiji kimoja cha Ureno, mbele ya chungu cha maharagi. Leo nataka niwaeleze hesabu ya kile chungu, polepole, juu najua kati yetu kuna wenye wanataka kufungua restora vile vile, na sitaki wapotee njia tuliyopotea.

Mwaka wa 2024, kuanzia Oktoba, nilikuwa kule kwa staji ya miezi mitatu. Sehemu yenyewe inaitwa Trás-os-Montes, maana yake «nyuma ya milima». Ni pembe ya kaskazini-mashariki ya Ureno, inapakana na Hispania. Huko bahari iko mbali, baridi ni kali, na vijana wengi wamehama. Kazi yetu ilikuwa juu ya mti wa castanheiro, ule unaozaa mbegu za kahawia zenye Wafaransa wanaita châtaigne na Wareno wanaita castanha. Kabla ya viazi kufika Ulaya, castanha njo ilikuwa kama bugali ya ile milima.

Siku ya kwanza ya kazi, saa sita imefika, msimamizi wa staji akatupeleka kula. Nilifikiri tunaenda mjini. Kumbe ni mu kijiji kile kile. Nyumba ya mawe, yenye chini zamani walikuwa wanalaza ng'ombe na juu wanalala watu, kama walivyojenga nyumba nyingi za kule. Mu ile sehemu ya ng'ombe sasa kuna meza nane. Juu ya kila meza karatasi nyeupe badala ya kitambaa. Moto wa kuni mu kona. Hakuna kitabu cha vyakula. Mama mwenye restora, mwenye miaka kama sabini, alikuja na mikono mu tabliye akasema: leo kuna feijoada na kuna bacalhau. Basi. Kuchagua kumeisha.

Kwanza alileta supu, bakuli ya kujaa. Kisha mkate, zeituni, jagi la mvinyo wa nyumbani, na maji kwa wasiokunywa. Kisha feijoada yenyewe mu chungu cha udongo: maharagi, kabichi, karoti, na vipande vya nguruwe, sikio, mguu, soseji. Kando yake wali. Nilikula sahani ya kwanza, akaongeza ya pili bila kuniuliza. Nilipoacha kijiko, alikuja kunitazama usoni akauliza kama niko mgonjwa. Ananiita filho, ni kusema «mwanangu», na hajui hata jina langu. Mwisho akaleta wali wa maziwa wenye kunyunyiziwa mdalasini, na kahawa. Kisha akachukua biki, akaandika hesabu pale pale juu ya karatasi ya meza: euro 9 kwa kila mtu.

Musiseme haraka «euro 9 ni pesa mingi». Mwaka ule mshahara wa chini kabisa kule Ureno ulikuwa euro 820 kwa mwezi. Mafundi wa ujenzi, dereva wa trakta, mzee wa posta, wote walikuwa wanakula pale. Tena kule wakubwa wengi wa kazi wanaongezea mfanyakazi pesa ya chakula kwa kila siku anayofanya kazi. Kwa wafanyakazi wa serikali ilipanda ikafika euro 6 mwaka wa 2023. Kwa hiyo saa sita mu kijiji kuna watu wenye pesa kidogo, lakini pesa ya kila siku, yenye kujulikana. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka: yule mama hakuwa anangojea tajiri apite. Alijua nani atakuja na ana ngapi mfukoni.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi niliuza sahani ndogo kuliko ile na nikapata hasara. Huyu anagawa chakula kama siku ya arusi na amekaa pale miaka zaidi ya thelathini. Nikaanza kurudi kila siku, kula na kuuliza. Haya njo niliyoyaelewa.

1. Vyungu viwili tu

Restora za kule zina kitu kinaitwa prato do dia, chakula cha siku. Mara nyingi kila siku ya juma ina chakula chake, na wateja wanakijua kwa kichwa. Sasa tupige hesabu ya kawaida. Una wateja 40 kwa siku. Kama una vyakula 2, kila kimoja kitauza kama sahani 20. Unajua kiasi cha kuloweka usiku, unapika mara moja, kuni ni zile zile kwa sahani 5 ao 20. Kama una vyakula 18, kila kimoja kitauza kama sahani 2. Lakini huwezi kujua ni zipi, kwa hiyo lazima uwe na akiba ya vyote 18, kila siku, na frigo ya kuvilinda, na grupu ya kulinda frigo.

Sisi tablo yetu ilikuwa na vyakula 18. Tulikuwa tunajivunia.

2. Shamba nyuma ya mlango

Nyuma ya nyumba kuna horta, bustani isiyozidi nusu ya kiwanja cha mpira. Viazi, vitunguu, maboga, maharagi ya kupanda juu ya miti, na mboga moja yenye agronome yeyote ataipenda: couve galega. Ni ndugu ya shu, lakini haifungi kichwa. Unachuma majani ya chini, juu inaendelea kuota, mpaka shina linapita urefu wa mtoto, na mara nyingine urefu wa mtu mzima. Inavumilia baridi. Mmea mmoja unakupa majani miezi na miezi.

Ile mboga, ikikatwa nyembamba kama nyuzi, ikatiwa mu supu ya viazi vilivyopondwa, na juu yake mafuta ya zeituni na kipande kimoja cha soseji, inakuwa caldo verde, supu yenye Mreno popote alipo duniani anaikumbuka. Angalieni vizuri: viazi, majani, maji, chumvi, mafuta. Gharama iko karibu na sifuri, na tumbo tayari limeanza kufurahi kabla chakula kikubwa hakijafika. Supu si mapambo. Supu njo inafanya nyama kidogo itoshe.

3. Nyama ni kiungo

Kule nguruwe anachinjwa wakati wa baridi, kuanzia Desemba. Wanaita matança. Jamaa na majirani wanakusanyika, na hakuna kinachotupwa: damu, utumbo, masikio, miguu, mafuta. Baridi yenyewe inasaidia nyama isioze, kisha chumvi na moshi vinamaliza kazi. Juu ya moto wa jikoni soseji zinaning'inia majuma mengi. Karibu na pale kuna mji mdogo, Vinhais, wenye kila Februari unafanya soko kubwa la hizo nyama za moshi, na watu wanatoka mbali kununua.

Nguruwe wawili wa yule mama wanalisha restora karibu mwaka mzima. Inawezekana namna gani? Juu hauzi nyama. Anauza maharagi yenye harufu ya nyama. Mu chungu cha watu wanane unaweza kukuta mguu mmoja, sikio moja na soseji mbili. Utamu wote umeingia mu mchuzi, na maharagi yenyewe yana protini. Sisi wa fakilte ya kilimo tulisoma hii: kutoa kilo moja ya nyama kunakula kilo nyingi za nafaka. Yule mama hakusoma, lakini chungu chake kinajua.

Kuna hata soseji yenye karibu nusu yake ni mkate: alheira, na ile ya Mirandela njo yenye jina kubwa. Watu wanasimulia kama iligunduliwa na Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa mwishoni mwa karne ya 15. Walijaza soseji mkate na nyama ya kuku, ili mtu akipita aone soseji zinaning'inia na afikiri nao wanakula nguruwe. Ikiwa ndivyo ao hapana, leo ni chakula cha wote, na mwaka wa 2011 ilichaguliwa kati ya vyakula saba vya ajabu vya Ureno.

4. Mkate wa jana, samaki wa mwaka jana

Kusini, upande wa Alentejo, kulikuwa mashamba makubwa ya matajiri wachache na vibarua wengi waliolipwa kwa msimu. Msimu ukiisha, njaa. Kutoka kwa wale watu ilitoka açorda: unaponda vitunguu saumu na chumvi na majani ya korianda, unatia mafuta ya zeituni, unamwaga maji ya moto, unaweka ndani vipande vya mkate mkavu, na kama Mungu amekusaidia, yai juu. Leo watalii wanapiga picha ya hiyo sahani. Ilianza kama ujanja wa mama mwenye watoto sita na mkate wa siku tatu.

Na bacalhau? Ni samaki wa chumvi, ndugu kabisa ya makayabu yetu. Cha ajabu ni kwamba haogelei mu bahari ya Ureno. Kwa karne nyingi Wareno walimfuata mpaka pwani ya Newfoundland, ngambo ya pili ya Atlantiki, na leo wengi wao wananunua kutoka Norway. Kijiji cha milimani kinakula samaki wa bahari ya baridi kwa sababu moja: chumvi na upepo havitaki umeme. Yule mama anamloweka siku moja ao mbili, anabadilisha maji mara kwa mara. Na kwa kuwa bei yake imepanda sana, hamtoi kipande kizima kila siku. Anamchambua nyuzi-nyuzi, anamchanganya na vitunguu, viazi vilivyokatwa kama njiti na mayai. Inaitwa bacalhau à Brás. Samaki wa watu wawili anashibisha watano, na hakuna anayejisikia ameibiwa.

5. Kile chenye bei haionyeshi

Sasa nisiwadanganye. Kuna sehemu ya hesabu yenye hamutaona juu ya ile karatasi ya meza. Nyumba ni ya ukoo, hakuna kodi. Mume njo analima na kupasua kuni. Binti ya dada yake anasaidia meza siku ya Jumapili, na hajui siku ya mshahara. Yule mama anaamka saa kumi na moja asubuhi na hajihesabii hata saa moja ya kazi yake. Kama angejilipa kama mfanyakazi, euro 9 isingetosha.

Na watoto wake wawili wako Ufaransa. Tangu miaka ya 1960, vijana wa kule waliondoka kwa maelfu, wengine wakivuka mpaka kwa siri usiku, kwenda kutafuta kazi. Wanarudi mwezi wa nane, kijiji kinajaa, kisha kinanyamaza tena. Shule ya pale imekwisha fungwa. Nilimuuliza: kisha wewe, nani? Alipangusa meza, akasema kwa Kireno chepesi ili nielewe: kisha mimi, mlango. Vile tu.

Hapo njo nilielewa kama chakula cha namna ile hakifi juu watu wamekichoka. Kinakufa juu mwenye kukijua hakupata mtu wa kumwachia.

Kabla sijarudi kwetu, jambo dogo kwa wenye watafika Ureno. Mjini wanaweza kukuwekea mezani mkate, zeituni na jibini bila wewe kuomba. Kile kinaitwa couvert, na mara nyingi kina bei. Lakini sheria yao ya mwaka wa 2015 inasema: kama haukuomba na haukugusa, hawawezi kukulipisha. Na kama ni peke yako, omba meia dose, nusu ya sahani. Nusu yao ni nzima yetu.

Sasa turudi Bukavu.

Kuna mwenzetu mmoja kati ya sisi watatu, mama yake alikuwa na malewa. Meza mbili, mabenchi manne, masufuria matatu: bugali, maharagi, sombe, na sambaza siku zenye ziwa limetoa. Ile malewa njo ililipa minervale yake yote, miaka mitano. Hata mimi nilikula pale kwa deni, zaidi ya mara moja. Tulipofungua restora yetu, yule mama alikuja siku ya pili akasema: «Wanangu, nitakuja kuwapikia maharagi, wanafunzi watakuja wengi.» Tulimjibu kwa heshima, lakini tulimjibu: «Mama, hii haiko malewa. Hii ni restora.»

Tukaenda kukopa mu likelemba kununua frigo. Tukauza mapaja ya kuku ya barafu yenye kutoka ngambo, wali wenye kutoka ngambo, sosi ya chupa yenye kutoka ngambo. Sisi, maagronome watatu, tulikuwa na vyakula 18 juu ya tablo na hakuna hata kimoja chenye tungeweza kusema kimelimwa na nani. Umeme ukipotea siku mbili, tunatupa. Bei ya dola ikipanda, tunapandisha. Mwanafunzi akija na franka zake anauliza: «Maharagi hamuna?»

Wengine watasema: vyakula vya Ureno ni vya Ureno, vyetu ni vyetu. Kweli. Lakini mjue kama mihogo na mahindi, vyenye tunaita vya asili, vilitoka Amerika na vilifika Afrika kwa merikebu za Wareno, kuanzia karne ya 16. Hata «meza» yenye tunakalia kula ni neno lao, mesa. Nao walichukua kwetu: pilipili wanaita piri-piri. Kwa hiyo asili haiko kitu chenye hakijawahi kutoka mahali pengine. Asili ni kile chenye watu wa mahali wanajua kulima, kuhifadhi, kupika na kula mpaka kushiba, bila kungojea lori.

Kwa ule mwenye anataka kufungua, nasema mambo manne tu.

Anza na vyungu viwili, si kumi na nane. Andika kila usiku ulipika sahani ngapi, uliuza ngapi, ulitupa ngapi. Ile ya tatu njo inaua.

Patana na walimaji kabla ya msimu. Maharagi ya Walungu ao ya Kabare, ukinunua wakati wa mavuno na kuyakausha vizuri, hayataki frigo wala grupu. Hapo diploma yako ya kilimo ina kazi kweli: kujua unyevu, kujua wadudu wa ghala, kujua mbegu gani inaiva upesi na kupunguza makala.

Weka nyama na samaki kama kiungo, na ujaze sahani kwa vile vyenye shamba linatoa mingi. Mteja anakumbuka alishiba ao hakushiba.

Na lipa wenye wanapika. Hapa njo tusimuige yule mama wa Trás-os-Montes. Bei ndogo yenye kusimama juu ya mgongo wa mama ao dada asiyelipwa, siku moja mgongo utakataa, na hakuna kijana atakayetaka kuurithi.

Niliporudi mwezi wa kwanza, nilienda kumsalimia mama ya mwenzetu. Aliacha malewa mwaka uliopita, miguu inamsumbua. Nilimwambia habari ya Ureno yote, chungu, nguruwe, mkate wa jana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Na ulienda mbali vile kujifunza kupika maharagi?» Sikuwa na cha kujibu. Niliomba karatasi. Tuliketi mpaka giza, nikaandika namna anavyoloweka, saa ngapi anatia chumvi, kwa nini sombe yake haichachi upesi. Jumamosi ijayo ninarudi. Tumefika tu kwenye maharagi.

Na ninyi? Kwenu nani anapika vizuri kuliko wote, na ni nani ameketi karibu naye na karatasi? Andikeni hapa chini, tusome.